Uzito Umegoma na Muda Hautoshi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadili Programu

Mtu akikaa wiki tatu na uzito uleule kwenye benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu ya kifua), huanza kutafuta programu mpya ya mazoezi. Kwa mwenye saa mbili au tatu tu za jimu kwa wiki, hiyo ni hatua ya gharama. Mazoezi mageni huchukua muda kuyazoea, na namba zinazopanda siku hizo za mwanzo mara nyingi zinaonyesha kwamba mwili umejifunza zoezi, wala hazithibitishi kwamba nguvu zimeongezeka. Kabla hujafika huko, hakikisha kwanza kwamba umekwama kweli, kisha ujue umekwamia wapi.

Hilo linahitaji daftari. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi, kwa sababu kichwa hukumbuka uzito na kusahau marudio. Chukua mfano wa mtu aliyebeba kilo 60 mara 8 mwezi uliopita, na leo anabeba kilo 60 mara 10. Akitazama sahani zilizo kwenye chuma ataona hajasogea. Lakini kuna kanuni inayotumiwa sana na wanyanyuaji kukadiria uzito mkubwa kabisa ambao mtu anaweza kuunyanyua mara moja tu: gawa marudio kwa 30, jumlisha 1, kisha zidisha kwa uzito. Kwa marudio 8 inakuja kilo 76 za nyanyuo moja la juu kabisa. Kwa marudio 10 inakuja kilo 80. Huyo amepanda. Kumbuka pia kwamba anayeanza huweza kuongeza uzito karibu kila anapoingia jimu, ilhali aliyebeba vyuma miaka kadhaa hupanda kwa miezi. Ukiwa kundi la pili, wiki tatu za utulivu ni jambo la kawaida.

Jirekodi kwa simu ukiwa pembeni ya chuma, angalau seti moja (marudio unayofanya mfululizo kabla ya kupumzika) ya kila zoezi kuu. Skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) inayopungua kina kila wiki huonekana kama maendeleo, na siku utakaposhuka ipasavyo utadhani nguvu zimepotea. Namba za daftari zina maana tu kama zoezi lenyewe halibadiliki.

Usingizi na chakula nitavipitia haraka, maana wengi wanavijua ila hawavipimi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi za usingizi kwa usiku. Protini ya takribani gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku inawatosha wengi wanaojenga misuli. Na kama uko katikati ya kupunguza mwili, usishangae nguvu zikisimama. Kuzitunza tu kipindi hicho ni kazi nzuri, kwa hiyo subiri umalize ndipo uihukumu programu. Kreatini, gramu 3 hadi 5 kila siku, ni kirutubisho kilichochunguzwa kwa miaka mingi na kinasaidia, lakini mwenye tatizo la figo aongee na daktari kwanza.

Sasa tuje kwenye muda wenyewe, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wakijiumiza. Mwenye dakika 45 huona mapumziko kati ya seti ni upotevu, hivyo anayakata hadi sekunde 45 au dakika moja. Jasho linamtoka, moyo unamdunda, anatoka akiamini amefanya kazi kubwa. Kumbe seti ya pili na ya tatu amezifanya misuli ikiwa bado haijarudisha nishati yake. Uzito aliotakiwa kuubeba mara 6 anaubeba mara 4, au anaupunguza, na mwili haupati sababu ya kuwa na nguvu zaidi. Kwa mazoezi mazito yanayotumia viungo vingi, pumzika dakika 2 hadi 3, hata kama itabidi ufute mazoezi mawili ya mwisho kwenye orodha. Seti tatu zilizopumzikiwa vizuri nazithamini kuliko tano za kuhema.

Muda unaohitaji utaupata kwingine. Unganisha mazoezi ya misuli inayopingana: seti ya benchi, pumziko fupi, seti ya kuvuta chuma kuelekea tumboni, pumziko fupi, kisha unarudi benchi. Kifua kinapumzika wakati mgongo unafanya kazi, na dakika kadhaa zinaokolewa bila kuiba pumziko la zoezi lolote. Usiunganishe skwati na dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni) kwa namna hiyo, kwani zote mbili zinaulemea mgongo wa chini na miguu. Kupasha mwili nako kufupishe kwa zoezi lenyewe: miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwapandisha askari waliojeruhiwa kwa nusu ya uzito, robo tatu, kisha uzito kamili, na ngazi hiyo bado inafaa kabla ya seti zako nzito.

Amua pia ni kipi unachokisukuma. Mwenye muda mchache akitaka kila kitu kipande kwa pamoja, hakuna kitakachopanda. Chagua mazoezi mawili ya kupandisha, uyafanye mwanzoni ukiwa na nguvu, na yagawanye kwenye siku mbili za wiki badala ya kuyamaliza siku moja. Mengine yaache kwenye hali ya kutunzwa. Kutunza nguvu kunahitaji kazi ndogo sana kuliko kuzijenga, hata theluthi ya seti za kawaida inaweza kutosha kwa miezi, mradi uzito wenyewe usiupunguze.

Angalia ukubwa wa hatua zako. Kuongeza kilo 2.5 kwenye skwati ya kilo 100 ni asilimia 2.5. Kilo hizohizo kwenye kusukuma juu ya kichwa kilo 40 ni zaidi ya asilimia 6, na pengine zoezi lako limegomea hapo tu. Tafuta sahani za nusu kilo, au panda kwa marudio kwanza: ukifikisha 8 katika seti zote ndipo uongeze uzito na kurudi kwenye 5.

Kama yote hayo yako sawa na bado chuma hakisogei, chukua wiki moja nyepesi kwa kupunguza seti hadi nusu na kubeba uzito wa wastani. Uchovu uliojilimbikiza huficha nguvu zilizopo. Maumivu ya kiungo yanayoendelea hata siku za mapumziko ni suala jingine, hayo mwonyeshe mtaalamu wa afya kabla ya kupanga lolote.

Baada ya wiki hiyo badilisha kitu kimoja tu, ama mapumziko, ama idadi ya seti, ama mpangilio wa siku. Andika tarehe ya leo na uzito wa kila zoezi kuu, halafu andika tarehe ya wiki sita mbele, siku utakayolinganisha. Hadi siku hiyo, usiiguse programu.