Namna ya kulimudu neno "get" kwa kuangalia kinachofuata

Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Mtwara mjini. Wanaokuja darasani ni watu wenye shughuli zao: wahudumu wa hoteli za Shangani, makarani wa maghala ya korosho, vijana wanaowatembeza wageni Mikindani, madereva wa bajaji. Wote wanajua kwamba "get" ni kupata. Kisha mgeni anasema "I don't get it", au "It's getting dark", au "Get in!", na hiyo kupata haiwafikishi popote.

Kukariri maana moja baada ya nyingine kutoka kwenye kamusi ni kujitesa. Acha kuuliza "get" maana yake nini, angalia kinachofuata. Kinachofuata ndicho kinachoamua. Tena sisi tuna bahati, kwa sababu kazi kadhaa za "get" Kiswahili huzifanya kwa mkia wa kitenzi: -ia, -ka, -wa. Mikia hiyo unaitumia tangu utotoni.

Hatua ya 1: Maliza maumbo yake

Wakati uliopo ni "get", uliopita ni "got", na ukiongeza -ing unaandika t mbili: "getting". Umbo la tatu Waingereza husema "got", Wamarekani "gotten". Ukikutana na "have got", sahau kabisa kupata: hiyo ni kuwa na. "Have you got change?" anauliza kama una chenji. Mmarekani akikwambia "I've got a ticket", tiketi anayo mkononi. Akisema "I've gotten a ticket", anakueleza kwamba ameipata.

Hatua ya 2: Likifuatwa na kitu

Hapa ndipo kupata inapofanya kazi, lakini Kiswahili kinataka kitenzi kinachohusika. Barua unaipokea, mkate unaununua, basi unalipanda, malaria unaugua, na yote Mwingereza anayasema kwa "get". Hata kuelewa kumo: "I get you" ni ile ile "nakupata" tunayosema kwenye simu.

Vikifuata viwili, mtu kisha kitu, weka mkia wa -ia au -ea. "I'll get you a towel" ni nitakuletea taulo. "Get me a soda" ni niletee au ninunulie soda. "He got his sister a job" ni alimtafutia dada yake kazi. Wahudumu wa hoteli, "Can I get you anything?" muwe nayo mdomoni muda wote. Ni swali la adabu, na linasikika vizuri zaidi kuliko "What do you want?", ambalo kwa Kiingereza lina ukali ambao wengi wetu hatuusikii.

Hatua ya 3: Likifuatwa na sifa

Hapa nakaa muda mrefu darasani, kwa kuwa makosa mengi yanazaliwa hapa. "Get" ikifuatwa na kivumishi, maana yake ni kuingia katika hali hiyo, na Kiswahili kwa kawaida kina kitenzi kimoja cha kuibeba, mara nyingi chenye mlio wa -ka: "get dirty" ni kuchafuka, "get angry" ni kukasirika, "get tired" ni kuchoka, "get old" ni kuzeeka. Vingine havina -ka ila kazi ni ile ile: kulowa ni "get wet", kupotea ni "get lost", kuzoea ni "get used to".

Tatizo liko kwenye nyakati. Mwanafunzi anataka kusema "nimechoka", anaona -me-, anakimbilia "I got tired". Siyo. "Nimechoka" inaeleza hali uliyonayo sasa hivi, na Kiingereza huisema kwa "be": "I'm tired". Ukitaka "get", sogeza wakati. "Nilichoka njiani" ni "I got tired on the way". "Naanza kuchoka" ni "I'm getting tired". Vivyo hivyo "amekasirika" ni "he is angry", ila "alikasirika nilipomwambia" ni "he got angry when I told him". Be kwa hali, get kwa badiliko. Jaribu na vitenzi vitano vyako mwenyewe kabla ya kuendelea. Ukikosea hapa, hatua zinazofuata zitakusumbua.

Humu ndimo ilimo ndoa pia. Sisi tunatofautisha kuoa na kuolewa, Kiingereza hakijali: wote wawili "get married". Na kwa sababu tunasema kuolewa *na*, tunaandika "married with". Sahihi ni "to": "She got married to a man from Newala."

Hatua ya 4: Likifuatwa na mahali

Hapo ni kufika, na unahitaji "to": "What time does the bus get to Lindi?" "Livingstone got to Mikindani in 1866." Lakini "home", "here" na "there" hazitaki "to". Usiseme "get to home", sema "get home".

Kupanda na kushuka ni kesi yake. Kiswahili hakibagui: unapanda teksi, unapanda meli, unapanda bodaboda. Kiingereza kinagawa. Chombo unachoweza kusimama au kutembea ndani yake, au unachokikalia kwa kutanua miguu, ni "get on" na "get off": daladala, kivuko cha Msangamkuu, ndege, bodaboda. Chombo unachojikunja kuingia ukakaa ni "get in" na "get out of": teksi, bajaji, mtumbwi. Dereva wa bajaji anayemwambia mgeni "Get on!" ataeleweka, ila mgeni anaweza kutazama juu ya turubai kwanza.

Hatua ya 5: Likifuatwa na kitenzi cha kutendwa

Mkia wa -wa unaingia. "He got bitten" ni aling'atwa, "they got paid" ni walilipwa. Na lile neno letu tamu, kunyeshewa, lina pacha wake: "I got rained on."

Kuna umbo jingine ambalo wengi hawalijui kabisa, nalo ni la kila siku. Ukitoka kinyozi unasema "nimenyoa", ingawa wembe hukuushika wewe. Ukitoka kwa fundi unasema "nimetengeneza pikipiki". Ukiyahamisha hivyo hivyo, "I cut my hair", Mwingereza ataelewa ulijinyoa mwenyewe. Weka "get", kisha kitu, kisha kitenzi: "I got my hair cut", "I got my motorbike fixed", "I got a dress made".

Akiwa mtu ndiye anayefanyishwa jambo, ongeza "to": "I got the guard to open the gate." Baadhi ya walimu huifananisha hii na mkia wa -sha. Mimi sikubali. -sha inaweza kuwa ya nguvu, wakati hii "get" ina kubembeleza ndani yake: ulimwomba mlinzi, ukamshawishi, mwishowe akafungua. Ya nguvu ni "make", nayo haina "to": "I made him open the gate."

Hatua ya 6: Likifuatwa na "to" na kitenzi

Tega sikio. "I got to see the old boma" ni nilipata nafasi ya kuona boma la zamani. "I've got to see the old boma" ni lazima nilione. Kwa kasi ya wageni, hiyo ya pili hubaki "gotta", na ile "ve" wala huisikii.

Hatua ya 7: Vijineno vya mkiani

"Get up" ni kuamka au kuinuka, "get back" kurudi, "get by" kujikimu hivyo hivyo, "get along" kuelewana, "get over it" kuyasahau yaliyopita, "get away with it" kufanya kosa na kuponyoka bila adhabu. Hapa hakuna kanuni. Shika moja moja, kila moja ndani ya sentensi yake.

Hatua ya 8: Lipunguze kwenye maandishi

"Get" ni neno la mdomoni. Kwenye barua ya kuomba kazi bandarini au kiwandani, lipitie upya: "I got a certificate" iwe "I obtained a certificate", "I got your letter" iwe "I received your letter", "get better" iwe "improve". Kwenye WhatsApp na mteja, liache kama lilivyo. Ukimwandikia "I have received your message and I shall obtain a towel for you", atadhani anajibiwa na mwanasheria.

Zoezi la kufungia. Tafsiri hii bila kutumia kupata hata mara moja: "We got to the ferry late, got wet, and got a boy to get us a bajaji." Jibu langu: Tulifika kivukoni tumechelewa, tukalowa, tukamwomba kijana mmoja atuitie bajaji.