Jinsi ya kuwafanya watu wa mtaani kwako wanywe maziwa, bila hotuba na bila uongo

Kila mwisho wa mwezi wa tano ikifika Wiki ya Maziwa unaona mabango, watoto wanapewa vipaketi, mkubwa fulani anapigwa picha kashika glasi, afu tarehe 1 mwezi wa sita, ambayo ndo siku ya maziwa duniani toka FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, waianzishe 2001, ikishapita tu kila mtu anarudi kwenye chai yake ya rangi. Mimi nauza mtindi hapa Morogoro, kibanda kidogo tu jirani na fundi wa mageti. Mwaka juzi wenzangu wa kikoba wakaniomba niwaelimishe kuhusu faida za maziwa, nikajiandaa, nikaongea kama dakika 40, kalsiamu, protini, vitamini, we acha tu, akina mama wanapiga miayo na mmoja alikuwa anasukwa kabisa palepale. Mwezi uliofuata nikaenda na ndoo ya mtindi wa baridi na vikombe, sikusema kitu mpaka walipokunywa, na hapo ndo maswali yalipoanza, we hivi unaugandishaje, mbona mimi maziwa yananiharisha, mjamzito anaruhusiwa. Kwahiyo kama wewe ni mwalimu, mhudumu wa afya, mfugaji au muuzaji kama mimi na unataka watu wanywe maziwa, anzia jikoni, maneno baadae.

Tuanze na kununua. Kama huna ng'ombe, mzoee mfugaji mmoja unayemjua na banda lake unalijua. Maziwa yaliyobebwa kwenye dumu la mdomo mwembamba mimi siyapendi, mkono hauingii mle kusugua, ule utelezi wa ndani unabaki na kesho maziwa yanachacha kabla hujafika nyumbani. Bora keni ya chuma au ndoo yenye mfuniko mpana. Kama yamewekwa maji, dondosha tone kwenye sahani uliyoiinamisha, maziwa mazima yanateremka taratibu yanaacha mstari mweupe nyuma, ya maji yanakimbia haraka. Hicho ni kipimo cha macho tu, ukiwa serious na biashara nunua laktometa, kile kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, maziwa mazuri yanasoma kuanzia kama 28 hadi 32.

Sasa kuchemsha, hapa sina utani. Maziwa mabichi usimpe mtu, hata kama babu yako alikamulia mdomoni moja kwa moja na akafika miaka 90. Kuna ugonjwa unaitwa brusela, ng'ombe anaonekana mzima kabisa, wewe unapata homa inakuja inaondoka, jasho la usiku, viungo na kiuno vinauma, unatibiwa malaria, unatibiwa taifodi, miezi inapita. Na kuna TB ya ng'ombe pia. Viwandani wanapasha nyuzi 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa, sisi wa sufuria hatuna kipimajoto kwahiyo chemsha mpaka yaumuke, punguza moto, endelea kukoroga dakika tatu nne ndo uepue. Usiondoke hapo jikoni! Maziwa yana tabia ya kukusubiri ugeuke tu ujibu meseji ndo yamwagike jiko zima. Na yule anayesema mtindi hauna haja ya kuchemshwa kwasababu uchachu unaua vijidudu, mwambie hapana, uchachu sio wa kuutegemea kwa brusela. Unachemsha kwanza, kugandisha baadae.

Kugandisha kwenyewe ni rahisi mno. Acha yapoe mpaka yawe vuguvugu, kipimo changu ni kidole kilichooshwa, nikikizamisha na kuhesabu mpaka kumi bila kukitoa basi tayari. Chukua mtindi mzuri wa jana, hiyo ndo mbegu, vijiko viwili vitatu vya chakula kwa kila lita, uvuruge kwanza kwenye kikombe na maziwa kidogo afu mimina kwenye ndoo, koroga, funika, zungushia kanga mbili na usiuguse tena mpaka asubuhi. Sehemu za baridi kama Mbeya au Lushoto acha muda zaidi na uweke karibu na jiko. Asubuhi unatikisa ndoo unaona yanacheza kama utumbo wa papai, yameshikana, maji kidogo yanatokeza pembeni, hapo weka kwenye friji au kwenye maji ya mtungini.

Yakikataa kuganda usikimbilie kusema umerogwa. Au uliweka mbegu maziwa yakiwa bado ya moto ukaiua, au ng'ombe alichomwa sindano ya antibayotiki na mfugaji hakusubiri siku zilizoandikwa kwenye dawa. Mimi yalinigomea lita 15 kwa mara moja. Nilimuuliza mfugaji kwa upole tu, akakuna kichwa, akasema "dada yangu, yule mwekundu alikuwa anaumwa kiwele". Hayo maziwa hata watu walipaswa wasinywe, na mtindi ndo ulioniambia.

Kwanini nasisitiza mtindi na sio maziwa freshi? Kwasababu watu wengi huku kwetu tukishakua matumbo yetu yanapunguza nguvu ya kusaga ile sukari ya maziwa, laktosi, ndo maana mtu anakunywa glasi moja tumbo linanguruma kama pikipiki afu anasema maziwa sio chakula chake. Jamii za wafugaji wengi wao wako tofauti, kuna utafiti ulitoka 2007 uliochukua watu wa Tanzania, Kenya na Sudan ukakuta wana mabadiliko yao ya vinasaba ambayo sio yale ya Wazungu, yanayowafanya wamudu maziwa ukubwani. Wewe ambaye sio Mmasai anza na mtindi, bakteria wameshakula sehemu ya hiyo sukari na wanaendelea kukusaidia huko tumboni. Anza nusu kikombe na chakula, sio asubuhi tumbo tupu. Ugali na mtindi, viazi vitamu na mtindi, loshoro, kile chakula cha mahindi na mtindi, kama uko upande wa Arusha, uji uliomaliziwa na maziwa. Hivyo vyakula watu wanavijua toka kwa bibi zao, hutumii nguvu kuvitangaza.

Wakishakunywa, sema mambo machache ya kweli. Mimi nasema hivi: kikombe cha robo lita kina kalsiamu kama miligramu 300 na mtu mzima anahitaji kama 1000 kwa siku, kwahiyo karibu theluthi umeshamaliza kwa kikombe kimoja. Kina protini kama gramu 8. Mifupa inajengwa zaidi utotoni na ujanani, ukubwani unalinda ulichojenga, na bila jua la kutosha mwilini hiyo kalsiamu haiingii vizuri. Basi, naishia hapo. Wakenya waliosoma enzi za maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shule za msingi yaliyoanza 1979, waulize wanakumbuka nini, hakuna atakayekutajia kalsiamu, watakutajia kile kipaketi na foleni yake.

Na kuna uongo ambao unauza sana na inabidi uukatae hata kama mteja kaleta hela mkononi. Jirani yangu fundi mageti kila jioni alikuwa anakuja, "dada wa mtindi nipe nusu lita nisafishe kifua". Wapaka rangi nao hivyo hivyo. Jamani, maziwa yanaenda tumboni, moshi wa kuchomelea unaenda kwenye mapafu, ni njia mbili tofauti, nikamwambia kunywa kwa ajili ya njaa ila kwa kifua nunua barakoa ya maana. Alinuna kama wiki hivi.

Mtoto akinywa mafuta ya taa watu wanakimbilia kumpa maziwa. Usimpe, na usimtapishe, akitapika yale mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu na hapo ndo hatari yenyewe, mpeleke hospitali mbio. Vidonda vya tumbo navyo, maziwa yanapoza kwa muda mfupi afu asidi inaongezeka, sio dawa. Na eti maziwa yanaongeza damu, hapana, yana madini ya chuma kidogo sana. Mjamzito maziwa anywe tu, yaliyochemshwa, ila vile vidonge vyake vya damu asivimeze na maziwa wala chai, apishanishe kama masaa mawili. Antibayotiki za doksi na tetrasaikilini hivyo hivyo, meza na maji.

Mtoto chini ya miezi 6 ni ziwa la mama tu, na maziwa ya ng'ombe kama kinywaji chake yasubiri mpaka afikishe mwaka. Hata akishavuka mwaka usimjaze, kuna wazazi wanajisifu mtoto anamaliza lita nzima kwa siku na hataki chakula, huyo ana hatari ya kuishiwa damu, nusu lita inamtosha. Anayevimba au kutoka vipele akinywa maziwa hana mjadala, aache, kalsiamu ataipata kwa dagaa wanaoliwa na mifupa yao.

Siku yenyewe ya kuhamasisha usiweke sukari kwenye ndoo nzima, weka bakuli la sukari pembeni kila mtu ajiamulie, utashangaa wangapi wanapita bila kuigusa mtindi ukiwa wa baridi. Vikombe vidogo, watu waongeze wenyewe. Na kabla hujafungua ndoo mbele ya watu toa vijiko vitano sita uviweke kwenye kichupa kisafi ndani ya friji, hiyo ndo mbegu yako ya kesho, mimi siku ile ya kikoba nilisahau, wakakomba mpaka chini na usiku saa tatu niko na kikombe nagonga mlango wa jirani kuomba.