Kabla hujaingia na "passer" kwenye mtihani wa DELF

Anayejiandaa kwa DELF A2, mtihani wa Kifaransa wa ngazi ya pili, hawezi kukwepa kusimulia habari za jana na juzi, na humo ndimo kitenzi passer (kupita) hujitokeza. Sehemu ya kuongea ina alama 25 kati ya 100. Ukipata chini ya 5 umeanguka hata kama kwingine umeng'ara.

Wakati uliopo hauna vita: je passe, tu passes, il passe, nous passons, vous passez, ils passent. Ila passe, passes na passent hutamkwa sawasawa, kwa hiyo sisi tuliozoea "napita", ambamo mtendaji yumo ndani ya kitenzi, tuchunge je, tu na ils zisidondoke njiani. Wakati ujao ni je passerai. "Nilikuwa nikipita" ni je passais.

Vita viko kwenye passé composé, wakati uliopita unaojengwa kwa kitenzi kisaidizi, ama être (kuwa) ama avoir (kuwa na). Orodha ya vitenzi vya être mnayokaririshwa darasani haitoshi, maana passer kiko pande zote mbili. Kabla ya kufungua kinywa, tafuta yambwa, yaani kile kinachotendwa. Ikiwapo, shika avoir: j'ai passé deux jours à Mombasa, nilikaa Mombasa siku mbili, elle a passé le sel, alimpa mwenzake chumvi. Isipokuwapo, mtu kapita tu, shika être: elle est passée hier, nous sommes passés par Arusha. Hizo e na s za mwisho hazisikiki, lakini ukiziacha kwenye karatasi msahihishaji ataziona.

Halafu maana. Wakenya wengi husema "nimepita mtihani" wakiwa wamefaulu. J'ai passé l'examen haidai hivyo; imesema umeufanya, basi. Aliyefaulu husema j'ai réussi l'examen. Ndiyo sababu kijana wa Lubumbashi anaweza kutamka j'ai passé l'examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari kule Kongo, na huku matokeo bado hayajatoka, wala hajidai.

Se passer nayo itayarishe, hasa kwa ajili ya igizo la mazungumzo: qu'est-ce qui se passe ? ni "kuna nini?", na ikienda passé composé hushika être daima, ça s'est bien passé. Ile se passer de, yaani kukaa bila kitu, naona inaweza kusubiri B1, ngazi inayofuata.