Jahazi la mfano: utajuaje kwamba limekwisha

Majahazi mengi ya mfano huharibikia mwishoni. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, umenyooka, mbao zimekaa, tanga liko juu, na fundi bado ana uzi mkononi. Leo anaongeza pipa, kesho kamba, keshokutwa kutu, mpaka chombo kinafanana na duka la rejareja. Dawa yake ni kuuamua mwisho kabla ya kukata ubao wa kwanza.

Chukua karatasi uandike mambo manne: ni chombo gani, skeli gani, kiko katika hali gani, na kitatazamwa kutoka umbali gani. Mfano wetu hapa ni jahazi la mita 15 kwa skeli ya 1:25, yaani sentimita 60 toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma).

Skeli ndiyo hakimu wa kwanza. Kila kipimo kigawanye kwa 25. Ubao wa unene wa milimita 40 unakuwa 1.6. Kamba nene ya milimita 25 inakuwa uzi wa milimita 1. Kichwa cha msumari cha milimita 15 kinakuwa 0.6, kitone cha penseli iliyochongwa vizuri. Kitu kikishuka chini ya milimita 0.4 usikitengeneze, kichore, au kiache. Mshono wa tanga ukishonwa kwa uzi halisi utaonekana kama kamba iliyolazwa juu ya kitambaa. Mstari mwembamba wa penseli unatosha. Kitambaa chenyewe kiwe pamba nyepesi kabisa. Ukitafuta madukani Biashara Street, Mombasa, kiinue kwenye mwanga na uchague kile ambacho nyuzi zake huzioni ukiwa umenyoosha mkono.

Mtu wa mita 1.70 anakuwa milimita 68. Kata kadibodi ya urefu huo na umtembeze chomboni. Akisimama tezini, kana, yaani mpini wa usukani, iko usawa wa mkono wake? Ngazi anaipanda? Kadibodi hiyo hufichua makosa ambayo rula huyapita, na kosa la namna hiyo lazima lirekebishwe hata kama umeshapaka rangi.

Hakimu wa pili ni umbali. Ukitazama mfano huu kutoka sentimita 50, ni sawa na kusimama mita 12.5 kutoka chombo chenyewe. Basi nenda Bandari ya Zamani ya Mombasa, au ufukwe wowote ambako chombo kimepandishwa, uhesabu hatua kumi na sita au kumi na saba kutoka ubavuni, na uandike unachokiona. Utaona mistari ya mbao, michirizi ya kutu, rangi iliyofifia karibu na maji. Kalafati yenyewe, yaani pamba ya kuzibia maungio, huioni. Orodha hiyo ndiyo mpaka wa kazi yako.

Kisha hali. Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Jahazi lililo safarini lina tanga lililojaa, nanga imepandishwa, na amari, kamba ya nanga, imekunjwa ndani. Lililo bandarini limeshusha foromali, boriti inayobeba tanga, na tanga limekusanywa. Lililopwelewa ufukweni limeegemezwa kwa magadi, yaani miti ya kulitegemeza, nalo halipepei tanga. Chagua moja. Kosa linaloonekana haraka kuliko yote ni bendera: tanga limejazwa na upepo wa nyuma, lakini bendera inapepea kuelekea nyuma, kana kwamba chombo kinakwenda kwa mashine. Bendera hufuata upepo uleule uliojaza tanga.

Kamba zinastahili siku nzima. Zifuate moja moja kwa ncha ya sindano, na kila moja ijibu maswali matatu: inaanzia wapi, inapita wapi, inafungwa wapi. Jarari inayopandisha foromali ipande kileleni mwa mlingoti, ipite kwenye gofia (kapi), ishuke nyuma ya mlingoti na kufungwa mahali ambapo mabaharia wanaweza kusimama na kuvuta. Demani, kamba ya kuongozea tanga, itoke pembe ya nyuma ya tanga hadi tezini. Joshi, kamba ya mbele, ishike pembe ya mbele. Kamba isiyo na mahali pa kufungwa haijakwisha, hata ikipendeza. Na kamba isiyo na kazi itolewe.

Uzi wa pamba una manyoya. Unyoya wa milimita 2 kwa skeli hii ni sentimita 5, na kamba inaonekana kama ndevu. Upitishe uzi kwenye nta ya nyuki mara mbili kabla ya kuufunga. Uzi wa pamba pia hujikaza hewa ikiwa na unyevu na kulegea ikikauka. Ukiukaza sana chumbani penye kiyoyozi, masika itakuja kupinda foromali. Uzi wa polista hautaki hesabu hiyo. Mkia wa fundo usikatwe mara moja: weka tone la gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, subiri ikauke, ndipo ukate. Supaglu iache kwenye kamba, maana huacha ukungu mweupe usiofutika kirahisi.

Kabla ya vanishi, futa mbao kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Palipo na gundi iliyomwagika patabaki peupe, kwa sababu ubao hapo haunywi. Parue, piga msasa namba 240 kisha 400, ufute tena. Kosa hili likigunduliwa baada ya vanishi ni kazi ya siku mbili. Koti la kwanza la vanishi ya mafuta liwe nusu vanishi na nusu tapentaini. La pili baada ya saa 24. La tatu huanza kuziba mistari ya mbao. Tumia vanishi isiyong'aa, kwani mng'ao hufanya chombo kionekane kitu cha kuchezea. Siku za mvua, paka kati ya saa tano na saa tisa mchana. Vanishi ya kukauka upesi ikipakwa hewa ikiwa nzito hupata ukungu. Deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa ya kupaka chini ya mstari wa maji, isiwe nyeupe tupu. Itie kahawia na kijivu kidogo, maana rangi kali huzidi ukali kwenye kitu kidogo.

Sasa kiweke chombo mahali kitakapokaa, ukifunike, usikiguse kwa siku 14. Ukirudi, angalia uzi uliolegea, ubao uliopasuka, na unga mwembamba chini yake, ambao ni dalili ya bukuzi, mdudu anayetoboa mbao. Andika kila kasoro unayoiona kutoka sentimita 50, bila kuinama. Rekebisha zilizomo kwenye orodha hiyo tu. Wazo jipya likikujia katikati, liandike kwa ajili ya jahazi lijalo.

Orodha ikiisha, kigeuze chombo taratibu na uandike chini ya kitako kwa penseli: skeli, aina ya mbao, vanishi uliyotumia, na tarehe. Atakayekuja kukitengeneza baada ya miaka atahitaji kujua hayo kabla ya kugusa chochote.