Daftari la ndege na daftari la dawa: jinsi ya kuanza kufuatilia viuatilifu na ndege wa maji Dar

Nyumbani kwangu Hananasif nina madaftari mawili. Moja la ndege, moja la dawa. Nafundisha baiolojia sekondari, na kwa miaka sita sasa, Jumamosi moja ya kila mwezi, nashuka mdomoni mwa Mto Msimbazi karibu na Daraja la Selander kuhesabu yangeyange, kulastara, kwarara na sululu wanaotafuta riziki kwenye tope la mikoko. Watu wanaotaka kujua kama viuatilifu vinaua ndege wetu huniuliza kwanza maabara ya kupima iko wapi. Maabara ni baadaye. Kipimo cha sumu kisicho na hesabu ya ndege nyuma yake hakikwambii chochote kuhusu idadi yao.

Chagua sehemu moja na usiihame. Simama palepale kila mwezi, na maji yawe katika hali ileile. Mwaka wa kwanza mimi nilikuwa nafika saa moja asubuhi bila kuangalia jedwali la maji kujaa na kupwa. Mwezi mmoja nikakuta ndege tele, mwezi uliofuata wa kuhesabika, nikaandika kwa herufi kubwa: WAMEPUNGUA. Kumbe siku ile bamvua ilikuwa imejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, ndege wamekwenda kupumzika kwingine. Ukurasa ule ninao mpaka leo na nawaonyesha wanafunzi. Sasa naanza maji yakiwa yanatoka, tope likishaonekana kama hatua hamsini kutoka kwenye mikoko. Nahesabu kila aina mara mbili. Hesabu zikipishana sana, narudia ya tatu.

Watenge wenyeji na wageni. Sululu na vitwitwi wengi huzaliana kaskazini ya mbali, Ulaya na Asia, wakaja kwetu kukwepa baridi. Wakipungua, huenda tatizo liko huko au njiani. Yangeyange wanaokaa hapa mwaka mzima ndio watakaokueleza habari za Msimbazi. Januari usiikose kwa vyovyote, maana ndio mwezi wa sensa ya ndege wa maji Afrika nzima, na hesabu yako itapata ya kulinganishwa nayo.

Daftari la pili hujazwa bustanini. Panda na mto hadi kwenye bustani za mboga, lakini usiende na kamera na maswali ya kipolisi. Nenda kununua mboga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mchicha au matembele?"

Nilinunua mchicha, tukaongea habari za mvua, ndipo nikauliza wadudu wanamsumbua kiasi gani. Akanionyesha chupa ambayo lebo ilishabanduka nusu. Kipimo chake ni kifuniko cha soda: viwili kwa bomba la kupulizia la lita 16, na wadudu wakizidi, vitatu. Alipomaliza kupiga dawa alisuuza bomba kwenye mfereji, na mfereji ule unamwaga mtoni. Mzee yule hana nia mbaya hata chembe. Hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza.

Andika tarehe, kiasi, zao, na siku mvua iliponyesha baada ya kupuliza. Zaidi ya yote andika kiambato hai, yaani kemikali yenyewe inayoua wadudu, kilichotajwa kwenye lebo, usiishie kwenye jina la biashara. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfati na kabamati huvuruga mishipa ya fahamu, na ndege anaweza kufa ndani ya saa chache. Kabofurani ya chenga, mojawapo ya kabamati, ni hatari kwa bata hasa, kwa kuwa huziokota wakidhani ni mbegu. DDT, dawa nyingine ya kuua wadudu, ina mwendo mwingine. Hujificha kwenye mafuta ya mwili, ikapanda kutoka kwa mdudu hadi samaki, kutoka samaki hadi mnandi, ndege mla samaki, na ganda la yai likawa jembamba. Na haisahau ilipomwagwa: Vikuge, Kibaha, ilifika shehena ya viuatilifu vilivyokwisha muda mwaka 1986, na miaka mingi baadaye wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendelea kuikuta DDT kwenye udongo wa pale.

Unene wa ganda unaweza kuukadiria kwa vifaa vya shule. Mwaka 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe alitoa njia hii: uzito wa ganda kavu kwa miligramu, gawanya kwa urefu mara upana wa yai kwa milimita. Jizoeze kwa yai la kuku. Ganda la miligramu 4,200, yai la milimita 52 kwa 39, linatoa 2.07. Namba ikiwa ndogo, ganda ni jembamba. Ila kuku hutumika kwa mazoezi tu, kwa sababu ganda lake halidhuriki sana na DDT. Linganisha aina moja na aina ileile. Ganda likipungua unene kwa karibu asilimia 20, idadi ya ndege wa aina hiyo huelekea kushuka.

Usiguse kiota wala kuchukua yai viza bila kibali. Anzia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI. Ndege aliyekufa usimshike kwa mikono mitupu, kwani mafua ya ndege nayo huua. Piga picha, andika mahali, toa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori au mifugo. Kunguru usimwingize kwenye hesabu ya waliokufa, kwa kuwa jijini huwa wanategewa sumu makusudi.

Ukishapata kibali, sampuli ya kupeleka maabara, kama yai viza, ifunge kwenye foili au chupa ya kioo iliyosafishwa. Sampuli zangu za kwanza zilirudishwa na maabara moja kwa sababu nilizitia kwenye mifuko ya plastiki, na kemikali za plastiki huchafua majibu. Zigandishe siku hiyohiyo, maana oganofosfati huvunjika upesi. Ndani ya foili weka kipande cha karatasi chenye tarehe, mahali na namba ya ukurasa wa daftari, na uandike kwa penseli. Wino hufutika kwenye friza.