Diski inatayarishwa Lubumbashi, kompyuta iko Likasi

Mteja yuko Likasi na kompyuta zake, wewe uko Lubumbashi: kinachosafiri ni diski tu, Debian (mfumo wa Linux) ikiwa tayari ndani yake. Kwa kazi hiyo preseed (faili la majibu ya kisakinishi cha Debian) haifai, maana inataka kila kompyuta iwashwe ikiwa mbele yako. Tumia debootstrap, inayoshusha Debian ya msingi moja kwa moja kwenye folda, ndani ya skripti moja ya bash. Haya ni ya Debian 12 na kompyuta za biti 64 zenye UEFI (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta).

1. Tambua diski. Ichomeke kwa adapta ya USB, kisha:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN`

Skripti ipewe jina la `/dev/disk/by-id/` (ndilo `$D` hapa chini), kamwe si `/dev/sdb`; sdb ya asubuhi huweza kuwa sdc jioni. Na TRAN (njia ya muunganisho) isiposema usb, skripti igome. Sharti hilo ndilo linalolinda diski yako mwenyewe.

2. Gawa.

`sgdisk -Z "$D"`
`sgdisk -n1:0:+512M -t1:ef00 -n2:0:0 "$D"`

Ya kwanza FAT32, ya pili ext4; ya pili ipande kwenye /mnt/d.

3. Shusha mfumo. Bando ni pesa, kwa hiyo weka apt-cacher-ng (ghala la vifurushi) kwenye kompyuta yako: vifurushi vinashuka mara moja, diski zinazofuata zinavichota hapo hapo.

`debootstrap --components=main,non-free-firmware bookworm /mnt/d http://localhost:3142/deb.debian.org/debian`

Anwani hiyo ya localhost inabaki ndani ya `sources.list` ya diski. Usipoibadilisha kuwa deb.debian.org, huko Likasi apt itaitafuta seva isiyokuwepo.

4. Ingia kwa chroot, yaani fanya kazi ndani ya mfumo wa diski. Unganisha /dev, /proc na /sys, panda sehemu ya kwanza kwenye /boot/efi, na uweke `DEBIAN_FRONTEND=noninteractive`, la sivyo maswali ya kibodi yataisimamisha skripti. Sakinisha linux-image-amd64, grub-efi-amd64 na firmware-iwlwifi, halafu:

`grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable --no-nvram`
`update-grub`

`--removable` huweka faili kwenye EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, mahali ambapo UEFI hutazama hata kama haijawahi kuiona diski hiyo. `--no-nvram` inazuia kompyuta yako isiandikiwe diski ya mtu kwenye orodha yake ya kuwaka.

Kwenye fstab (orodha ya sehemu za kupandwa) andika UUID tu, yaani namba ya utambulisho ya kila sehemu. Kibodi `XKBLAYOUT="fr"`, au `be` kama ni mitumba ya Ubelgiji. Saa ni Africa/Lubumbashi. Ukichagua Kinshasa, kila kitu kitachelewa saa moja.

5. Ukiwa bado ndani ya chroot, futa alama za kuzaliwa.

`truncate -s 0 /etc/machine-id`
`rm -f /etc/ssh/ssh_host_*`

Machine-id (namba ya utambulisho ya mfumo) inajitengeneza yenyewe kompyuta ikiwaka. Funguo za SSH (za kuingia kwa mbali, kama umeweka openssh-server) hazijitengenezi: acha huduma ndogo ya systemd iendeshe `ssh-keygen -A` kabla ya ssh.service. Neno la siri la muda liambatane na `chage -d 0`, mwenyewe alibadilishe akiingia mara ya kwanza.

6. Toa na ujaribu. `sync`, `umount -R /mnt/d`, kisha iwashe kwenye kompyuta ya kampuni tofauti na yako. Ikiwaka hapo, zima na uifute tena machine-id pamoja na funguo za SSH, kwa sababu jaribio lenyewe limeshaziandika.