Kupeleka wanafunzi nje kujitolea na kuhifadhi mazingira: anza na mwenyeji, tiketi baadae

Walimu wenzangu na wazazi mlio kwenye kamati za safari, naandika hii kwa sababu kila shule ikianza kupanga safari ya nje swali la kwanza huwa nauli itakuwa bei gani na tutatembelea wapi, wakati la kwanza lilitakiwa liwe nani huko ametuita na anataka tumsaidie nini. Ukilianza hilo mengine yanajipanga, ukiliruka mtaishia kupaka rangi ukuta ambao hauhitaji rangi.

Kwa hiyo mwaka mzima kabla ya safari, au zaidi kama mnaweza, mwandikieni mwenyeji, awe kituo cha uhifadhi, shule au kijiji, mumuulize kazi gani mnaifanya hata sisi tusipokuja, nani ataiendeleza tukiondoka, na je kuna fundi wa hapohapo ambaye tutakuwa tumemnyang'anya riziki yake. Safari yetu ya kwanza sisi tulishajipangia kupaka rangi madarasa, mwenyeji akatujibu kwa upole kabisa kwamba madarasa yalishapakwa na vikundi viwili mwaka uleule, yeye alichokuwa anakosa ni watu wa kufukia mashimo na kuokota takataka ufukweni jioni kabla kasa hawajapanda kutaga. Kazi yenyewe haina picha nzuri lakini ndio iliyokuwa inahitajika, kasa akitumbukia kwenye shimo lililochimbwa na watoto wanaocheza anaweza kunasa humo.

Na hili nalisema bila kuzunguka, vituo vya watoto yatima msiviweke kwenye ratiba. Watoto wengi wanaokaa kwenye vituo hivyo duniani wana mzazi aliye hai, na pale wageni wanapoleta hela na zawadi kunakuwa na faida ya kuvijaza vituo watoto ili wageni waendelee kuja. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la haki za mtoto linalozitaka nchi zishughulikie madhara ya watu kwenda kujitolea kwenye vituo hivi, ikiwemo kwa njia ya utalii. Mtoto anayezoea mgeni wiki mbili alafu mgeni anapotea, tena na tena, anaumia, hata kama wanafunzi wetu walienda na moyo safi.

Upande wa uhifadhi, masomo yaanze nyumbani, msisubiri mkifika. Mwanafunzi anayekwenda kwa kasa ajue kabla ya kupanda ndege kwamba mama anayetoka baharini hasogelewi mpaka aanze kutaga, na hapo unakaa nyuma yake, hakuna tochi nyeupe wala flashi ya simu, wenyeji wakiruhusu taa inakuwa nyekundu hafifu. Ajue pia kwamba mayai yanakaa mchangani kama miezi miwili na joto la mchanga ndio linaamua kasa atoke dume au jike, mchanga ukizidi joto majike yanakuwa mengi, mtoto akishalielewa hilo hata kipimajoto cha kiotani anakishika kwa heshima. Kama mnaenda kwenye matumbawe, mafuta ya kujikinga na jua yenye oksibenzoni, kemikali inayohofiwa kudhuru matumbawe, yaacheni, Hawaii wamepiga marufuku kuyauza toka 2021, na shati la mikono mirefu la kuogelea linatosha kuliko mafuta yoyote. Kupanda miti nako, msiulize tutapanda mingapi, ulizeni iliyopandwa mwaka jana imebaki mingapi, hasa mikoko, maana ukiipanda pale ambapo maji yanakaa muda mrefu kupita kiasi inakufa yote.

Sasa uongozi, hapa ndipo shule nyingi zinaposhindwa kwa sababu tunadhani uongozi ni semina. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyeanzisha shule ya Gordonstoun kule Scotland mwaka 1934, aliwapa wanafunzi zamu za kweli za kulinda pwani. Na sisi tufanye hivyo, kila siku wanafunzi wawili wanashika zamu, wanakabidhiwa saa, orodha ya majina na hela ya matumizi ya siku hiyo pamoja na daftari lake, wao ndio wanaamua tunaondoka saa ngapi na nani anafanya nini, jioni tunakaa dakika 20 wanaeleza kilichoenda sawa na kilichoharibika. Mwalimu anaingilia pale tu penye hatari.

Kunyamaza ni kugumu jamani. Siku moja binti mmoja mpole sana alikuwa zamu, amehesabu vichwa kwenye basi anapungukiwa mmoja, mimi namuona kabisa kijana kupitia dirishani anarudi toka chooni, mdomo ulishafunguka nikaufunga. Akahesabu tena, bado, alafu akasimama akasema kila mtu amshike mwenzake aliyelala naye chumba kimoja, sekunde tano akajua nani hayupo. Toka siku hiyo wote wakahesabu hivyo, na sikuwafundisha mimi.

Makaratasi nayapitia haraka. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele, nchi nyingi zinataka hivyo. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo na toka 2016 kinakubalika maisha yote. Barua ya idhini ya wazazi wote wawili, bima inayolipia kumhamisha mgonjwa mpaka hospitali kubwa, na kampuni ya safari iwaoneshe tathmini yake ya hatari kwa maandishi, wakisita tafuteni nyingine. Mbwa na nyani hawashikwi hata wakiwa wapole, mtoto aking'atwa jeraha linaoshwa kwa maji na sabuni dakika 15 alafu hospitali sikuhiyohiyo, kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili karibu hakuna anayepona.

Mkirudi, ndani ya wiki mbili wanafunzi wenyewe wamuandikie mwenyeji, wamtumie takwimu walizokusanya zikiwa zimepangwa vizuri, na wamuulize waziwazi kama turudi na kama tukirudi tubadilishe nini, maana mtu aliyekukaribisha hawezi kukwambia usoni. Sisi tulijibiwa kwamba watu 30 ni wengi, usiku ufukweni wanasumbua kasa, tulete 12. Mwaka uliofuata tukapeleka 12.